Namna ya Kusoma Majina ya Kazi katika Kumbukumbu za Kale za Norwe

Mkazi wa Dar es Salaam ambaye babu yake alitoka Norwe anaweza kuanza kumfuatilia akiwa nyumbani, kwa kuwa Digitalarkivet, hazina ya kidijitali ya nyaraka za taifa hilo, hufungua bure sensa za 1801, 1865, 1875, 1900 na 1910 pamoja na vitabu vya sharika. Kinachokwamisha ni safu ya kazi. Norwe ilikuwa chini ya Denmark hadi 1814, na maandishi yakabaki ya Kidenmaki kwa miongo mingi baadaye. Kwa hiyo gårdbruker wa leo, yaani mkulima mwenye kuendesha shamba, utamkuta kama Gaardbruger.

Kabla ya kuuliza mtu alifanya kazi gani, uliza alikuwa na haki gani juu ya ardhi. Selveier alimiliki shamba lake, na leilending alilima shamba la kukodi. Husmann (Husmand katika maandishi ya kale), ambaye wengi humdhania kuwa mume kwa kumfananisha na neno la Kiingereza husband, aliishi katika kijumba ndani ya ardhi ya mwenye shamba, akamlipa kwa kazi ya mikono, kwa kodi, au kwa vyote viwili. Aliyewahi kusimuliwa habari za nyarubanja ya Bukoba, mfumo wa wapangaji kulima ardhi ya mabwana, uliofutwa miaka ya 1960, atauelewa utegemezi huo upesi, ingawa sheria zake zilikuwa nyingine. Tazama pia maneno yanayofuata: med jord alikuwa na kipande cha kulima, uden jord hakuwa nacho, na tofauti hiyo ilikuwa kubwa mno kwa watoto wake.

Soma kila neno pamoja na umri. Dreng kwa Kidenmaki ni mvulana, lakini katika sensa za mashambani ni mtumishi wa kiume, hata akiwa na miaka 50. Mzee aliyeandikwa Føderaadsmand amekwisha kukabidhi shamba, naye anapewa chakula na makazi kwa mkataba. Mrithi mtafute katika shamba hilohilo. Lægdslem ni maskini aliyehamishwa shamba hadi shamba kwa zamu ili alishwe. Naomba asifichwe katika mti wa ukoo.

Pwani utakutana na strandsidder, aliyeishi ufukweni bila shamba, na lods, rubani wa kuongoza meli. Klokker si fundi saa, bali ni msaidizi wa mchungaji kanisani.

Kazi husaidia hasa pale majina yanapofanana, maana kabla ya sheria ya 1923 wengi walitumia jina la baba, na usharika mmoja uliweza kuwa na akina Ole Hansen kadhaa. Nakili neno kama lilivyo, kisha ndipo ulitafsiri. Ole aliyekuwa Dreng mwaka 1865 na Husmand mwaka 1875 huenda ni mtu mmoja. Aliyekuwa Selveier kwanza, kisha Husmand, mhakiki katika kitabu cha usharika kabla ya kumwita babu.