Muhula wa nje kwa wanaosoma rasilimali watu: chunga kozi ya sheria ya kazi

Ukienda kusoma usimamizi wa rasilimali watu nje ya nchi kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, kozi inayosumbua zaidi kuhamisha ni sheria ya kazi. Kuajiri, mafunzo ya wafanyakazi na tathmini ya utendaji hufundishwa kwa namna inayokaribiana sehemu nyingi, hivyo chuo chako hakitasita sana kuzikubali. Sheria ya kazi ni ya nchi husika. Ujerumani, kwa mfano, utafundishwa habari za baraza la wafanyakazi, ambalo huchaguliwa na wafanyakazi wenyewe na ni lazima lisikilizwe kabla mwajiri hajamwachisha mtu kazi. Isome, ina faida kubwa, ila omba ihesabiwe kama kozi ya hiari. Ile ya lazima ifanye chuoni kwako.

Ulaya, muhula kamili ni krediti 30 za ECTS, mfumo wa vyuo vya Ulaya wa kupima uzito wa kozi, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kujisomea kukiwamo. Makubaliano ya masomo, yaani hati inayoorodhesha kozi utakazosoma huko, yasainiwe na wewe pamoja na vyuo vyote viwili kabla hujasafiri. Ukikuta kozi imefutwa, na hutokea, andika mabadiliko mara moja yasainiwe upya. Ruhusa ya mdomo haina nguvu wakati wa kuhamisha matokeo. Pia pakua muhtasari wa kila kozi, wenye mada, saa na aina ya mtihani, kabla akaunti yako ya chuo mwenyeji haijafungwa.