Somo: Mwendo mmoja kwa wahusika wengi

Ninaandika somo hili kwa sababu ninaulizwa mara kwa mara kwa nini mwendo wa kutembea huharibika ukitolewa kwa mhusika mmoja na kupewa mwingine. Ninatumia Blender, ambayo ni programu ya bure ya kutengeneza katuni za 3D.

Hatua ya 1. Unda mhusika akiwa amesimama wima.

Hatua ya 2. Ipe mifupa (vijiti vya ndani ya umbo vinavyouendesha mwili wa mhusika) majina yale yale kwa kila mhusika, ukimalizia na .L upande wa kushoto na .R upande wa kulia.

Hatua ya 3. Kabla ya kurekodi chochote, linganisha mkao wa mwanzo wa mifupa. Programu haihifadhi mahali mkono ulipo, bali kiasi ambacho mfupa umezunguka kutoka mkao wake wa mwanzo. Kwa hiyo nyuzi 60 za kushusha mkono wa mhusika aliyeundwa mikono ikiwa imenyooshwa pembeni, zikipewa aliyeundwa mikono ikiwa tayari imeshuka nyuzi 45, zitauzamisha mkono ndani ya mbavu. Tena, mifupa miwili inaweza kulala mahali pamoja ikaonekana sawa kabisa, kumbe mmoja umeviringika kwenye mhimili wake, na goti likakunjika kwenda pembeni. Ndiyo maana ni lazima uwashe mihimili ya mifupa (mistari inayoonyesha kila mfupa umeelekea wapi) na kuikagua mmoja mmoja. Tahadhari: usibadilishe mkao wa mwanzo baada ya kurekodi, kwa kuwa kila mwendo uliokwisha kuhifadhiwa utapinda. Vilevile, thibitisha kipimo cha ukubwa (Scale) kwa Ctrl+A mpaka kisomeke 1 kabla ya kuunganisha mifupa na umbo.

Hatua ya 4. Rekodi mizunguko ya mifupa peke yake, isipokuwa kwenye nyonga, ambayo lazima pia ihame.

Hatua ya 5. Mwendo unaojirudia wa fremu 24 (yaani picha 24 zinazofuatana) urudie mkao wa fremu ya 1 kwenye fremu ya 25, lakini ucheze 1 hadi 24 tu, la sivyo utakwama kidogo kila unapoanza upya.

Hatua ya 6. Upe mwendo jina na ubonyeze alama ya ngao ili usipotee faili ikifungwa.

MASWALI

Swali: Goti linakunjika pembeni. Nifanyeje?
Jibu: Soma hatua ya 3 yote.

Swali: Nimeisoma, na mifupa yangu inaonekana sawa.
Jibu: Nimekwisha kuandika kwamba inaweza kuonekana sawa. Washa mihimili, ndipo uulize.

Swali: Mwalimu, nimempa mama aliyevaa gomesi (gauni refu la Uganda) mwendo wa kijana wa boda, na magoti yanatoboa kitambaa. Je, nirekodi upya?
Jibu: Hapana, dada, na nakushukuru kwa kutazama kwa makini. Weka safu ya pili juu ya mwendo ule, upunguze mzunguko wa mapaja, kisha upunguze uhamaji wa nyonga mpaka nyayo ziache kuteleza. Mabega ya gomesi yaliyochongoka yape mifupa yake midogo, ili mama akiinua mkono kushika kikapu kichwani yasizame shingoni.

Swali: Na mtoto mwenye miguu mifupi?
Jibu: Miguu yake ikiwa nusu ya ile ya mtu mzima, zidisha uhamaji wa nyonga kwa 0.5 na uache mizunguko ilivyo.

Swali: Umeme umekatika kabla sijahifadhi!
Jibu: Pole sana, ndugu. Usipobadilisha mpangilio, Blender huweka nakala kila baada ya dakika 2. Fungua menyu ya File, uingie Recover, uchague Auto Save, kisha uihifadhi nakala hiyo kwa jina jipya.