Cheti cha tabia njema kwa anayerudi mafunzoni, hasa kama vidole vyako vimeliwa na saruji

Nilivaa sare miaka tisa, nikatoka, nikawa mwashi hapa Kisumu. Mwaka huu nimeomba kuingia polisi wa akiba, maana kwetu ni karibu na mpaka wa Kisumu na Kericho pale Sondu, na nimechoka kupigiwa simu usiku kwamba ng'ombe wa mama mdogo wamechukuliwa. Kazi hii ni ya kujitolea, ndivyo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inavyoiweka, lakini karatasi bado zinatakiwa. Kituoni niliambiwa nilete kitambulisho, cheti cha utumishi nilichopewa nilipotoka jeshini, barua ya chifu, na cheti cha tabia njema cha DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, kile ambacho wengi tunakiita good conduct. Vitatu vya kwanza nilivikusanya kwa siku moja. Hicho cha nne kilinichukua wiki tano na karibu kinikoseshe mafunzo.

Ombi lenyewe linajazwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, sehemu ya DCI. Andika majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa mpangilio uleule. Sisi tuliowahi kutumikia tuangalie hapa kwa makini: cheti changu cha utumishi kina majina mawili, kitambulisho kina matatu, na ilibidi niape mbele ya wakili kwamba wote ni mimi mmoja. Linganisha karatasi zako kabla hujalipa chochote.

Malipo ni shilingi 1,050, elfu moja ya cheti na hamsini ya mtandao. Unalipa kwa M-Pesa, nambari ya biashara 222222, na nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara yako. Kisha unachagua siku na mahali pa kuchukuliwa alama za vidole. Si lazima uende Nairobi. Ofisi za DCI mashinani zinafanya, na Huduma Centre pia. Ya Kisumu iko Wigot Gardens.

Sasa sikiliza vizuri. Mfumo utakupa ankara na fomu ya C24, ile ya alama za vidole. Ankara chapisha nakala mbili. C24 ina kurasa mbili, na kurasa hizo lazima ziwe kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Kijana wa saiba alinichapishia karatasi mbili akazibana kwa pini, nami sikuuliza. Nilipanga foleni tangu asubuhi, nikafika mezani saa sita kasoro, nikarudishwa. Simlaumu afisa, fomu ile haipokelewi hivyo. Lakini siku ya kibarua ilikuwa imepotea. Ukiwa saiba, taja kabisa: "Nichapishie pande zote mbili za karatasi moja," na uikague kabla hujatoka.

Nilirudi na fomu sahihi, ndipo kikaja kikwazo kikubwa zaidi. Kila kidole kinapakwa wino na kuviringishwa kutoka ukingo hadi ukingo, halafu vinne vinabonyezwa kwa pamoja. Vyangu vilitoa madoa meusi matupu. Saruji ina chokaa kali, inakula ngozi, na mawe ya ujenzi yanamalizia. Fomu yangu ilipelekwa hivyohivyo, nikangoja, kisha nikaambiwa alama hazisomeki na nianze upya. Hapo ndipo wiki zangu zilipoishia.

Kama wewe ni mwashi, mchimba mchanga, mfua vyuma au mama wa kuosha nguo za watu, usiende kuchukuliwa alama ukitoka kazini. Ngozi ikipumzishwa, mistari inarudi. Mimi niliacha saruji siku kumi, nikabeba maji na mbao tu, glavu mkononi, na kila usiku nikajipaka mafuta ya Arimis kwa wingi na kulala nayo. Asubuhi ya siku yenyewe usijipake chochote. Osha mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, kwa sababu mafuta na jasho vinafukuza wino. Ukifika mezani mwambie afisa mapema kwamba mikono yako ni ya kazi ngumu, na umwombe apake wino mwembamba. Legeza mkono, mwachie yeye aviringishe kidole. Ukikaza au ukimsaidia kusukuma, alama inavutika. Kabla karatasi haijachukuliwa, itazame: kama wewe mwenyewe huoni mistari, huko makao makuu Kiambu Road hawataiona.

Beba kitambulisho halisi pamoja na nakala yake. Cheti kikiwa tayari utakiona kwenye akaunti yako ya eCitizen, unakipakua na kukichapisha.

Changu kilitoka Alhamisi, mafunzo yakaanza Jumatatu. Usisubiri cheti ndipo uandae mwili. Nilianza kukimbia wiki ile niliyoacha saruji, Kondele hadi Mamboleo alfajiri kabla matatu hazijajaa, na siku ya kwanza nilisimama mara nne kabla ya kufika. Kufikia Jumatatu ile nilikuwa nakwenda na kurudi bila kusimama.