Kabla hujachagua nchi ya kwenda Erasmus, toa kadi yako ya ukaazi uangalie tarehe

Wadogo zangu mnaosoma huku Ujerumani, kila ikifika Novemba Desemba maswali yanakuwa yaleyale, dada niende Erasmus (ile programu ya Umoja wa Ulaya ya kwenda kusoma kwa muda chuo cha nchi nyingine) au nisiende, niende Hispania au Uswidi, na mimi kila anayeniuliza namuuliza kwanza kadi yake ya ukaazi inaisha lini. Wengi hawajui. Mwenzako wa darasani mwenye paspoti ya Kijerumani anachagua nchi kwa kuangalia ufukwe, anafunga begi anaondoka, sisi wenye paspoti ya Tanzania, Kenya au Uganda tuna hesabu nyingine ya kupiga kabla ya hapo, ila ukiipiga mapema unaenda vizuri tu kama wao.

Mimi nilienda Coimbra, Ureno, semesta moja, Septemba mpaka mwanzo wa Februari. Barua ya kukubaliwa ilivyofika nikampigia mama usiku uleule, tiketi nikakata. Mwisho wa Juni najaza fomu ya chuo cha kule, wanataka namba ya kadi ya ukaazi na siku inayoisha, natoa kwenye pochi naisoma: 14 Januari. Yaani ningeishiwa kibali nikiwa katikati ya mitihani nchi ya watu. Ofisi ya wageni ya mji niliokuwa nakaa miadi ya karibu ilikuwa Novemba. Nikaenda kupanga foleni bila miadi saa kumi na moja alfajiri, mara tatu, mara ya tatu mama mmoja wa dirishani akanionea huruma akapokea maombi, na kadi mpya ikafika siku nane kabla ya ndege. Sitaki mtu mwingine apitie zile wiki.

Sasa sheria yenyewe iko hivi. Kuna agizo la Umoja wa Ulaya la 2016, namba 2016/801, linasema mwanafunzi wa nje ya Ulaya mwenye kibali cha masomo cha nchi moja anaweza kwenda kusoma nchi nyingine ya Umoja mpaka siku 360 bila kuanza upya mambo ya viza, mradi anaenda kwa programu inayotambulika kama Erasmus au kwa mkataba wa vyuo viwili. Unatoa taarifa tu, na nchi unayoenda ina haki ya kukudai makaratasi, paspoti, bima, uthibitisho wa hela, na kibali kinachofunika muda wote wa kukaa kule. Denmark na Ireland hawamo kwenye agizo hilo, kwa hiyo ukizipenda hizo jiandae kuomba kibali chao kama mtu anayetoka Dar. Na ukitoka Ujerumani zaidi ya miezi 6 mfululizo kibali chako kinaweza kufa chenyewe, ndo maana mtu anayetaka kwenda mwaka mzima lazima aandikiwe na ofisi ya wageni kabla hajaondoka kwamba ameruhusiwa muda mrefu zaidi, na hiyo karatasi usiiache chumbani, tembea nayo. Mlioko Uingereza nyie agizo hili haliwahusu, kozi ikizidi siku 90 mtaomba viza ya muda mrefu ya nchi mnayoenda. Mlioko Marekani kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, msikate tiketi kabla hamjaongea na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo, kwa sababu kule kuna habari ya miezi 5 nje na hadhi yako kupotea.

Haya, kadi iko sawa. Uende?

Angalia kwanza kazi yako. Wengi wetu tunasoma huku tunafanya kazi wikendi, na ile hela haiishii kwetu, kuna ada ya mdogo mtu, kuna dawa za bibi. Hela ya Erasmus ipo, na ada ya chuo cha kule hulipi, lakini hela yenyewe unapewa kwa mafungu na fungu la mwisho linakuja umesharudi, afu haijakusudiwa kukulipia kila kitu. Kaa na watu wa nyumbani uwaambie wazi kwamba miezi mitano sitaweza kutuma au nitatuma nusu. Mimi nilimwambia kaka mwezi wa tano, akajipanga, mpaka naondoka hakuna aliyenuna. Na kitu ambacho wengi wenu hamkiombi: kuna nyongeza ya euro 250 kwa mwezi, na vyuo vya Ujerumani vinaitoa pia kwa mtu ambaye wazazi wake wote hawakusoma chuo kikuu na kwa mwanafunzi anayeacha kazi ili aende. Hao si ndo sisi? Uliza ofisi ya kimataifa, ombeni jamani.

Masomo nayo. Semesta ni krediti 30, na kuna mkataba wa masomo unaosainiwa na wewe, chuo chako na chuo cha kule. Hakikisha saini ya chuo chako iko pale kabla hujapanda ndege, na kule ukibadilisha somo ubadilishe na karatasi wiki hizohizo. Rafiki yangu alibadilisha masomo mawili kwa mdomo tu, aliporudi yakakataliwa, akarudia semesta. Tazama na kalenda: huku mitihani ya semesta ya baridi ni Februari, wakati Uswidi semesta ya pili inaanza katikati ya Januari, kwa hiyo kwenda kule kipindi hicho unagongana na mitihani yako mwenyewe. Kuondoka Septemba kurudi Februari ndo kunakaa vizuri, kwa sababu semesta ya kiangazi huku inaanza Aprili.

Kuhusu wapi, mimi nitawaambia mji mdogo wa chuo kuliko mji mkuu, kisa ni kodi ya chumba. Coimbra ni mji wa wanafunzi, chuo kile kilianzishwa 1290, chumba nilipata kwa hela ambayo Lisbon nisingepata. Ila baridi ya Ureno iko ndani ya nyumba, nyumba nyingi hazina hita, nilikuwa naandika insha nimevaa koti na kujifunga khanga mbili. Kireno nilikiogopa bure. Siku ya kwanza mwenye nyumba anagonga meza anasema mesa, nikaonyesha bendera ya kwenye jengo la jirani nikasema bendera, akacheka, bandeira! Jioni nzima tukawa tunatafuta maneno, leso, pera, gereza ambalo kwao ni igreja, yaani kanisa. Kwa mara ya kwanza Ulaya nikajisikia lugha yangu ina ndugu pale.

Na nyie mliozaliwa huku, au mliokuja wadogo na sasa mna paspoti ya huku, mambo ya kadi hayawahusu, lakini fikirieni kwenda upande wa pili. Vyuo vingi huku vina mikataba na vyuo vya kwetu, na chuo cha taifa Zanzibar, SUZA, kinafundisha Kiswahili kwa wageni miaka mingi. Miezi minne ya kupanda daladala na kusalimia wazee shikamoo kila asubuhi itakupa Kiswahili ambacho simu ya Jumapili na shangazi haikupi.

Vyuo vingi vinafunga maombi ya mwaka unaofuata kati ya Desemba na Februari. Leo usiku toa kadi. Ikiwa inaisha kabla ya kurudi, omba miadi kesho asubuhi, ambatanisha barua ya chuo ikishatoka, na nakala ya kila kitu mtumie mtu mmoja unayemwamini nyumbani.