Jeli inayojiunga ikikatwa: boraksi, limau na magadi

Polima, yaani dutu yenye molekuli ndefu kama minyororo, ikikatwa haitajiunga tena kama vifungo vinavyoshikanisha minyororo yake si vya kushika na kuachia. Kifungo cha kudumu kikishakatika, basi. Kwa maabara ya sekondari ya Mbeya au Iringa, mfano ulio rahisi kuliko yote ni jeli ya polivinili alkoholi (polima inayoyeyuka majini) na boraksi: inajiunga bila moto, limau inaiyeyusha, magadi ya jikoni yanairudisha.

Boraksi si adimu huku. Wayeyusha dhahabu wa Chunya na masonara wanaitumia. Chagua ya unga mweupe. Ile iliyokwisha kuyeyushwa ikawa kama vigae vya kioo inachelewa sana kuyeyuka majini. Vaa glovu: ina sumu ikimezwa na inaweza kudhuru uzazi. Vyombo utakavyotumia visirudi jikoni.

Anza na polima. Weka mililita 100 za maji baridi, nyunyizia gramu 4 za unga wa polivinili alkoholi huku unakoroga. Ukianza na maji ya moto utapata mabonge, nje yamelowa na ndani makavu, kama ugali wa mtu mwenye haraka. Kisha weka chombo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka na ukoroge nusu saa hadi saa nzima. Mbeya mjini maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa ajili ya mwinuko. Hiyo haina shida, unahitaji 85 hadi 90 tu. Ukiteleka moja kwa moja juu ya jiko la mkaa, chini itaungua. Rudishia maji yaliyopotea, acha ipoe.

Gramu 4 za boraksi ziyeyushe kwenye mililita 100 za maji ya uvuguvugu. Hapa ndipo baridi ya Juni na Julai inapoharibu kazi: maji ya nyuzi 10 hayabebi gramu zote 4, kwa hiyo chupa iliyolala dirishani utaikuta na fuwele chini, na maji ya juu yamepungua nguvu. Ipashe moto kabla ya kupima.

Sasa chukua mililita 50 za polima, ongeza mililita 10 za boraksi tone kwa tone kwa bomba la sindano, ukikoroga. Ukimwaga kwa mpigo, nje huganda kwanza. Kanda kwa mkono. Ivute polepole: inarefuka kama uzi. Ikwanyue ghafla: inakatika wazi, kwa sababu borati, yaani chembe za boraksi zinazoshikanisha minyororo, haikupata muda wa kuachia mnyororo mmoja na kushika mwingine.

Kata kwa wembe, kutanisha nyuso papo hapo, bonyeza, subiri dakika 5 hadi 10. Kipande kimoja ukitie rangi ya chakula, utauona mpaka ukififia. Isiposhika, nyuso zimekauka. Tone la maji linatosha. Ikiwa ngumu na inatoa maji, boraksi imezidi, ongeza polima.

Kuirejeleza, tia maji ya limau kidogo kidogo hadi itiririke. Asidi inaigeuza borati kuwa asidi ya boriki, ambayo haishiki minyororo. Chuja vumbi na uchafu sasa, maana baadaye haiwezekani. Yeyusha magadi kijiko cha chai kwa mililita 50 za maji, chuja tope lake, dondoshea hadi karatasi ya litimasi nyekundu igeuke bluu. Povu litapanda, tumia chombo kikubwa. Soda ya kuokea hufanya kazi nusunusu, besi yake ni hafifu. Kila mzunguko unaongeza maji na chumvi, hivyo jeli inazidi kulegea. Haukisha maji au ongeza polima mpya.

Plastiki ngumu zinahitaji vifungo vingine. Mwaka 2002 watafiti wa California walitumia vikundi viwili vya kemikali, furani na maleimidi, ambavyo huachana kwenye nyuzi 120 hivi na kushikana tena vikipoa. Kwa sufuria ya maji hutafika huko. Hiyo ni kazi ya oveni.

Jeli ikae kwenye chupa iliyofungwa, isikauke. Maji ya kuoshea vyombo usiyamwage kwenye parachichi wala maharage: boroni ikizidi, majani huungua kingo.