Kuku wa Majani ya Viungo kwa Kikaango Kimoja: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Chakula cha kikaango kimoja hupendwa kwa sababu hupunguza vyombo vya kuosha, lakini kwa mpishi anayekipika mara kwa mara faida yake kubwa iko kwingine. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kuku ndiyo yanayokaanga viazi, ukoko unaoshika chini ya kikaango ndio unaogeuka mchuzi, na harufu ya majani hukolea kila mahali kwa kuwa hakuna kinachopikwa pembeni. Sharti lake ni moja, nalo ni mpangilio: kila kitu kiingie kikaangoni kwa zamu yake. Majani ndiyo yanayoonewa zaidi, kwani wengi huyatia yote kwa mkupuo mmoja, ilhali jani gumu na jani laini havistahimili moto kwa muda sawa.

Vipimo vifuatavyo vinatosha watu wanne. Andaa mapaja 6 ya kuku yenye mfupa na ngozi, yenye uzito wa kilo 1.2 hivi kwa jumla, viazi nusu kilo, karoti 2, kitunguu maji kikubwa 1, punje 8 za kitunguu saumu, limau 1, na mililita 150 za maji au supu ya kuku. Kwa upande wa majani, tafuta vitawi 2 vya rozimeri, vitawi 6 vya thaimu na konzi moja ya pasili mbichi. Ongeza chumvi laini, pilipili manga na kijiko 1 cha mezani cha siagi. Mafuta ya kupikia hayahitajiki zaidi ya kijiko kimoja cha chai, kwa sababu ngozi itatoa mafuta yake yenyewe.

Nimechagua mapaja kwa makusudi. Kidari kina mafuta machache, na kikizidishiwa moto kwa dakika chache tu hukauka. Paja lina mafuta na kolajeni nyingi, yaani ile protini ngumu inayoshikanisha nyama, na kolajeni hiyo huyeyuka taratibu kuwa jelatini, hivyo nyama hulainika zaidi hata ikikaa jikoni kidogo kupita muda uliopangwa. Kwa mtu anayejifunza, huo ni msamaha mkubwa.

Kikaango kiwe kizito, cha chuma, chenye upana wa sentimita 30 na mpini unaostahimili oveni. Chenye mpini wa plastiki hakifai. Kikiwa chembamba kuliko hapo, vipande vitabanana, mvuke utakosa pa kutokea, na ngozi itachemka badala ya kukaangika.

Hatua ya 1: Kutia chumvi na kukausha

Usimwoshe kuku. Watu wengi wamezoea kumwosha kwa maji au kwa limau, lakini maji yanayoruka husambaza bakteria kama Salmonella na Campylobacter kwenye sinki, kwenye meza na kwenye vyombo vilivyo jirani, wakati moto wa kupikia ndio unaowaua. Badala yake, futa kila kipande kwa karatasi za jikoni pande zote, pamoja na chini ya mikunjo ya ngozi, kisha tupa karatasi hizo na unawe mikono kwa sabuni.

Nyunyizia vijiko 2 vya chai vya chumvi laini juu ya mapaja yote, ukiinua ngozi kidogo ili chumvi iguse nyama. Baada ya hapo, ama mpike papo hapo, ama mwache kwa muda usiopungua saa moja. Muda wa katikati ndio mbaya, kwa maana chumvi huanza kwa kuvuta maji kutoka ndani, nawe ukipika wakati huo utakuta ngozi imelowa. Ukisubiri, maji hayo hurudi ndani ya nyama yakiwa na chumvi. Ukiwa na nafasi, panga vipande kwenye sinia bila kuvifunika, ngozi ikitazama juu, na uviache usiku kucha kwenye rafu ya chini kabisa ya friji. Asubuhi utaona ngozi imekuwa kavu na nyembamba, na ngozi ya namna hiyo hukaangika vizuri kuliko nyingine yoyote.

Hatua ya 2: Kukata mboga

Kata viazi vipande vya sentimita 2 na karoti ndogo kidogo kuliko hapo, kwa sababu karoti huchelewa kulainika. Kitunguu maji kikate vipande vinene. Punje za kitunguu saumu zimenye lakini uziache nzima, kwani zikikatwakatwa zitaungua kabla ya kuku kuiva.

Hatua ya 3: Kukaanga ngozi

Hapa ndipo pa kutulia. Paka kikaango kile kijiko cha mafuta, panga mapaja ngozi ikitazama chini kikiwa bado baridi, ndipo uwashe moto wa wastani. Wapishi wengi hufundishwa kupasha kikaango kwanza, na kwa nyama nyingine ni sahihi, lakini ngozi ya kuku ina tabaka la mafuta chini yake linalohitaji muda wa kuyeyuka. Kikaango kikiwa cha moto sana tangu mwanzo, uso wa ngozi hubadilika rangi haraka na kufunga mafuta ndani, nawe utatafuna kitu kinachonata. Kikipata moto polepole, mafuta hutoka yote na ngozi hubaki nyembamba na yenye kukatika kwa mlio.

Usivisogeze vipande. Sikiliza: mwanzoni patakuwa kimya, halafu yataanza machachatiko makali, ambayo ni maji ya ngozi yakigeuka mvuke. Baada ya dakika 10 hivi machachatiko hayo hupungua na kuwa ya chini na yenye mfululizo, ishara kwamba maji yamekwisha na sasa ngozi inakaangwa na mafuta yake. Jaribu kuinua ukingo wa paja moja kwa koleo. Likiwa limeshika, liache. Likiachia lenyewe, limekuwa tayari. Kwa kawaida huchukua dakika 12 hadi 15, na rangi unayoitaka ni kahawia yenye kung'aa, si njano. Rangi hiyo, pamoja na ladha yake, hutokea pale protini na sukari za nyama zinapokutana kwenye joto linalopita nyuzi 140 za Selsiasi, na joto hilo halifikiwi kamwe mahali palipolowa maji. Ndiyo sababu ya kukausha kote kule kwa hatua ya kwanza.

Geuza vipande, vipe dakika 2 upande wa pili, kisha viondoe na uviweke kwenye sahani. Kumbuka kwamba ndani bado ni vibichi, kwa hiyo sahani hiyo isitumike tena mezani kabla ya kuoshwa.

Hatua ya 4: Kukaanga mboga

Mimina mafuta yaliyozidi kwenye bakuli, ukibakiza vijiko 2 vya mezani kikaangoni. Tandaza viazi na karoti pasipo kurundikana, nyunyizia chumvi kidogo, na uviache dakika 6 hadi 8 vipate rangi. Tia kitunguu maji na ukoroge kwa dakika 3.

Hatua ya 5: Majani magumu na maji

Sukuma mboga pembeni ili upate nafasi wazi katikati, na hapo utie kitunguu saumu pamoja na vitawi vya rozimeri na thaimu moja kwa moja kwenye mafuta. Harufu ya majani haya imo kwenye mafuta yake ya asili, ambayo huyeyuka ndani ya mafuta ya kupikia vizuri zaidi kuliko ndani ya maji. Nusu dakika tu inatosha: majani ya rozimeri yatatoa mlio, yatang'aa, na harufu itapanda ghafla. Usingoje yageuke kahawia, kwa kuwa yakiungua huleta uchungu usioweza kurekebishwa. Yaache kwenye vitawi vyake, maana majani ya thaimu hudondoka yenyewe yakipikwa, na vijiti vitupu ni rahisi kuviokota mwishoni.

Mara moja mimina maji au supu. Kwa mwiko wa mbao, kwaruza ule ukoko wa kahawia chini ya kikaango mpaka uyeyuke wote. Huo ndio utakaokuwa mchuzi wako, hivyo usiuonee haraka.

Hatua ya 6: Oveni

Awali ya yote, hakikisha oveni ulikwisha kuiwasha kwa nyuzi 200 za Selsiasi ulipoanza kukaanga mboga. Rudisha mapaja juu ya mboga, ngozi ikitazama juu, pamoja na majimaji yaliyotuama kwenye sahani. Kina cha mchuzi kisifike kwenye ngozi. Usifunike. Ingiza kikaango ndani kwa dakika 25 hadi 30.

Kipimo cha kuiva ni joto, wala si rangi. Nyama iliyo karibu na mfupa inaweza kubaki na wekundu ilhali imeiva kabisa, na inaweza kuwa nyeupe kabla ya kuwa salama. Choma kipimajoto katikati ya sehemu nene bila kugusa mfupa: nyuzi 74 ndicho kiwango cha chini cha usalama, lakini paja huwa tamu zaidi likifika kati ya nyuzi 80 na 85, kwa kuwa hapo ndipo kolajeni yake inapokuwa imelainika. Kama unatumia kidari, kitoe mara kinapofika 74, na uanze kukikagua mapema, tangu dakika ya 15.

Ukishakitoa kikaango, funga kitambaa kikavu kwenye mpini na ukiache hapo. Mpini huo hubaki na joto la oveni kwa muda mrefu, na mkono uliozoea kuushika jikoni huusahau upesi.

Hatua ya 7: Kupumzisha na kutia majani laini

Hamishia mapaja kwenye sahani safi na uyapumzishe dakika 5 hadi 10 bila kuyafunika, maana mvuke ukizuiwa utailegeza ngozi uliyoihangaikia. Wakati huo ondoa vijiti vya rozimeri na thaimu. Ponda punje chache za kitunguu saumu, ambazo sasa zimekuwa laini na zenye utamu, uzichanganye na mchuzi. Ukiona mchuzi una maji mengi, rudisha kikaango jikoni kwa dakika 2 au 3 upungue.

Zima moto. Tia siagi na ukoroge mpaka mchuzi uwe mzito kidogo na wenye kung'aa, kisha kamua nusu ya limau na uonje kabla ya kuongeza nusu ya pili. Mwisho kabisa tia pasili iliyokatwakatwa. Majani laini kama pasili, giligilani, rehani na mnanaa hupoteza harufu yake kwa dakika chache za moto, na asidi ya limau hufifisha ukijani wake kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo yakate dakika ile ile unayotaka kupakua, kwa kisu chenye makali, kwani kisu butu huyaponda na kuyafanya meusi. Panga mapaja juu ya mboga na upeleke kikaango mezani.

Ukikosa kitu

Majani makavu yanaweza kuchukua nafasi ya mabichi kwa theluthi moja ya kipimo, lakini kwa aina ngumu pekee. Thaimu, rozimeri na oregano hukauka vizuri na kubaki na nguvu. Pasili na giligilani zikikauka hubaki na rangi tu, na ni afadhali kuziacha. Majani makavu yatie pamoja na maji, si kwenye mafuta ya moto, kwa kuwa huungua mara moja.

Asiye na oveni afunike kikaango nusu, apunguze moto kabisa, na apike kwa dakika 30 hadi 35, akiongeza maji kidogo endapo yatakauka. Ladha itakuwa ile ile, ila ngozi haitakuwa kavu kiasi kile. Ili kuirudishia hali yake, pasha moto kikaango kingine, weka mapaja ngozi chini kwa dakika 3, ndipo upakue.

Kinachobaki kiingie friji ndani ya saa 2 tangu kiive, kwenye chombo kisicho na kina kirefu ili kipoe upesi, na kiliwe ndani ya siku 3 au 4. Unapokipasha moto, tenganisha kuku na mboga: mboga na mchuzi vifunikwe kwenye moto mdogo, na mapaja yarudi oveni kwa nyuzi 180 mpaka katikati yafike tena nyuzi 74. Pasili ya siku ya pili iwe mpya.