Kuingia kwenye kompyuta ya ofisini ukiwa mbali bila kuianika kwenye intaneti

Hivi karibuni nilimsaidia mhasibu ambaye programu yake ya hesabu imo kwenye kompyuta moja tu, ofisini, na kila akisafiri kazi inalala. Aliyemhudumia kabla yangu alikuwa amefungua poti 3389, yaani mlango wa mtandao unaotumiwa na Remote Desktop, kwenye ruta ili huduma hiyo ya Windows ya kuitumia kompyuta ukiwa mbali ipatikane kutoka popote. Nilipofungua kumbukumbu za usalama za Windows, tukio namba 4625, yaani jaribio la kuingia lililoshindikana, lilikuwa limejaa ukurasa baada ya ukurasa. Roboti za mtandaoni zilikuwa zikibahatisha majina kama administrator na admin usiku na mchana.

Nalisema hili kwa uzito wote: usifungue poti 3389 kwa dunia nzima, hata kama nenosiri lako ni refu. Mei 2019 Microsoft ilitoa kiraka cha dosari iitwayo BlueKeep, iliyomwezesha mshambuliaji kuiteka kompyuta kupitia huduma hii bila nenosiri lolote. Ilikuwa nzito kiasi kwamba hata Windows XP, ambayo ilikuwa imeachwa kuhudumiwa tangu 2014, ilitolewa kiraka. Kubadilisha namba ya poti nako si kinga, maana roboti hizo hupekua poti zote.

Njia ninayoitumia mimi ni handaki la WireGuard, yaani muunganisho wa siri (VPN) kati ya vifaa, linalopita kwenye seva ndogo ya kukodi. Kompyuta ya ofisini inaifuata seva, kompyuta mpakato inaifuata seva, na hapo katikati zinakutana. Ruta ya ofisini haiguswi kabisa. Kwa nini nisiiweke WireGuard kwenye ruta yenyewe? Kwa sababu watoa huduma wengi wa intaneti siku hizi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ukiona ruta yako imepewa anwani ya nje iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko katika kundi hilo, na hakuna poti utakayoifungua ikakusaidia. Ukiwa na seva ya kati, suala hilo halikuhusu tena.

Hatua ya 1: Hakiki toleo la Windows

Kompyuta ya ofisini lazima iwe na Windows Pro au toleo la juu yake. Windows Home inaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine, lakini yenyewe haipokei wageni wa Remote Desktop. Kama ni Home, lipia Pro. Zile programu ndogo za kuilazimisha Home ikubali mimi siziweki kwenye kompyuta yenye hesabu za watu.

Hatua ya 2: Seva

Kodi seva pepe ya Linux, ndogo kuliko zote, yenye anwani yake ya IP ya umma. Ingia kwa SSH, njia salama ya kuiendesha seva kwa amri ukiwa mbali, kwa kutumia ufunguo, zima kuingia kwa nenosiri, kisha sakinisha WireGuard. Ruhusu UDP 51820, poti ya WireGuard, kwenye ukuta-moto (firewall) wa seva, na pia kwenye ukuta-moto ulioko kwenye paneli ya kampuni uliyokodi kwake, kama upo. Huo wa pili husahaulika sana.

Ruhusu pia seva kupitisha pakiti, yaani vipande vya data, kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Andika mstari huu kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/ kisha uendeshe sysctl --system:

net.ipv4.ip_forward = 1

Ukitumia ufw, programu ya ukuta-moto ya Linux, ongeza na hii (wg0 ni jina la handaki kwenye seva), kwa kuwa ufw kwa kawaida yake huzuia pakiti za kupita:

ufw route allow in on wg0 out on wg0

Hatua ya 3: Funguo

Kila kifaa kitengeneze jozi yake ya funguo palepale kilipo. Programu ya WireGuard ya Windows hufanya hivyo yenyewe ukichagua kuongeza handaki tupu, na kwenye seva amri ni wg genkey na wg pubkey. Ufunguo wa siri hauhami. Kinachotumwa kwa mwingine ni ufunguo wa umma peke yake, na huo hata ukipita kwenye barua pepe hauna madhara.

Nasisitiza kwa sababu mhasibu yule, kwa nia njema kabisa, alinitumia picha ya skrini yenye mipangilio yote, ufunguo wa siri ukiwemo. Tuliufuta tukatengeneza mwingine. Na usitumie jozi moja kwenye vifaa viwili. Sababu utaiona kwenye hatua ya mwisho.

Hatua ya 4: Faili za mipangilio, na hasa AllowedIPs

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni nzima, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Chagua kwanza mtandao wa ndani wa handaki. Mimi hutumia 10.77.0.0/24, yaani anwani zote zinazoanza na 10.77.0. Epuka 192.168.0 na 192.168.1 kwa kuwa ruta nyingi za nyumbani zinazitumia, na zikigongana, kompyuta haitajua pakiti iende wapi. Seva inakuwa 10.77.0.1, kompyuta ya ofisini 10.77.0.2, mpakato 10.77.0.3.

Kwenye vifaa viwili vya pembeni, sehemu inayoieleza seva inaandikwa hivi:

Endpoint = anwani-ya-seva:51820
AllowedIPs = 10.77.0.0/24
PersistentKeepalive = 25

Usiandike 0.0.0.0/0 kama mifano mingi ya mtandaoni inavyoonyesha. Hiyo inapeleka intaneti yote ya kifaa kwenye seva, na kwenye Windows inaweza kuwasha kizuizi cha kila kisichopita handakini, ukashangaa printa ya ofisi haionekani. Ile 25 ni sekunde: kifaa kinatuma pakiti tupu kila baada ya muda huo ili ruta isisahau njia ya kurudi. Kwenye kompyuta ya ofisini mstari huo ni wa lazima, kwa kuwa yenyewe inakaa kimya ikisubiri kuitwa.

Sasa upande wa seva, kwenye faili la /etc/wireguard/wg0.conf. Huku vifaa ni viwili, na kila kimoja kinapewa anwani yake moja tu:

AllowedIPs = 10.77.0.2/32
AllowedIPs = 10.77.0.3/32

Mstari wa kwanza unakaa chini ya ufunguo wa umma wa ofisini, wa pili chini ya ule wa mpakato. Mara ya kwanza nilipoweka mtandao huu nilinakili tu 10.77.0.0/24 chini ya vyote viwili, nikiamini maana yake ni kwamba vyote vimeruhusiwa mtandao huo. Sivyo. Jina AllowedIPs linabeba kazi mbili. Pakiti inapotoka, linaamua inakwenda kwa kifaa kipi. Pakiti inapoingia, linaamua kama kifaa kilichoituma kina haki ya kujiita kwa anwani hiyo. Kwa hiyo masafa yaleyale ya anwani hayawezi kumilikiwa na vifaa viwili. Ukiyaandika mara mbili, WireGuard humpa wa mwisho na kumnyang'anya wa kwanza, bila onyo lolote.

Kilichonichelewesha ni dalili. Kwenye seva, amri ya wg show ilionyesha mstari wa latest handshake, yaani mara ya mwisho kifaa na seva kupeana mkono na kutambuana, ukijisasisha kwa vifaa vyote viwili, na hesabu ya data ikipanda. Nikaamini handaki ni zima, nikaanza kuchokonoa Windows. Kumbe kupeana mkono kunategemea funguo tu, na pakiti tupu za kila sekunde 25 nazo hupokelewa bila kuangaliwa anwani. Ni data halisi tu inayotupwa. Jibu lilikuwa palepale kwenye wg show, mstari wa allowed ips: kifaa cha kwanza kiliandikiwa none. Mstari huo ndio ninaoutazama kwanza siku hizi, kabla ya kingine chochote.

Kuna na pili yake. Nilipolijua kosa, nikarekebisha faili, nikawasha upya huduma, na marekebisho yakatoweka. Sababu ilikuwa mstari wa SaveConfig = true nilioubeba kutoka kwenye mfano fulani. Mstari huo ukiwepo, handaki linapozimwa huandika hali yake ya sasa juu ya faili lako. Mimi siutumii tena. Kama unao na huwezi kuuacha, zima kwanza kwa wg-quick down wg0, hariri, ndipo uwashe.

Ikiwa latest handshake haionekani kabisa, tatizo ni jingine. WireGuard haimjibu asiye na ufunguo unaotambulika, kwa hiyo ukimya unaweza kumaanisha ufunguo umekosewa herufi, UDP 51820 imezibwa mahali, au Endpoint si sahihi. Angalia pia saa. Kila kifaa hutuma muda wake wakati wa kupeana mkono, na seva hukataa muda ulio nyuma ya ule wa mwisho iliouona. Kompyuta kuukuu ambayo betri ya ubao mama imekufa ikiwaka na saa ya miaka iliyopita, itakataliwa mpaka saa irekebishwe.

Hatua ya 5: Windows ya ofisini

Washa Remote Desktop kwenye mipangilio ya System. Zuia kompyuta isilale. Tengeneza akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, yenye nenosiri refu, uiingize kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia kwa mbali. Akaunti ya Microsoft inayofunguliwa kwa PIN husumbua hapa, kwa sababu Remote Desktop inataka nenosiri lenyewe, na PIN haikubaliki.

Kisha fungua kanuni za Remote Desktop kwenye ukuta-moto wa Windows, sehemu ya Scope, na uweke kwamba anwani za mbali zinazoruhusiwa ni 10.77.0.0/24 tu. Kuanzia hapo hata kompyuta nyingine za ofisi ileile hazitaingia bila kupitia handaki, na hivyo ndivyo ninavyopenda.

Hatua ya 6: Jaribu

Tumia intaneti ya simu, usijaribie kwenye mtandao wa ofisi. Usitegemee ping, ile amri ya kuuliza kama kompyuta ipo hewani, kwa sababu Windows mara nyingi haiijibu hata ikiwa nzima. Kwenye PowerShell ya mpakato andika:

Test-NetConnection 10.77.0.2 -Port 3389

Ikishindikana, jaribu kutoka kwenye seva kwa nc -vz 10.77.0.2 3389. Seva ikifika na mpakato usifike, rudi kwenye ip_forward, ufw na AllowedIPs. Ikiwa hata seva yenyewe haifiki, tatizo liko kwenye kompyuta ya ofisini au kwenye njia iliyo kati yake na seva. Ukikubaliwa, washa kompyuta ya ofisini upya bila kuingia ndani, ujaribu tena. Handaki la WireGuard kwenye Windows hufanya kazi kama huduma, kwa hiyo linapaswa kurudi lenyewe.

Hatua ya 7: Mawasiliano

Kubalianeni na kila anayetumia mfumo huu kwamba hakuna fundi atakayepiga simu na kumwomba asakinishe programu ya kuonyesha skrini, au asome namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yake. Akipigiwa, akate, kisha apige mwenyewe kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyompigia wala iliyoandikwa kwenye ujumbe. Kanuni hiyohiyo itumike barua pepe inapodai kwamba akaunti ya benki ya mteja au msambazaji imebadilika. Handaki haliwezi kumzuia mtu aliyefunguliwa mlango kwa hiari.

Hatua ya 8: Fanya zoezi la mpakato kupotea

Lifanyeni leo, mpakato ukiwa mezani. Kwenye seva:

wg set wg0 peer UFUNGUO-WA-UMMA remove

Weka ufunguo wa umma wa mpakato kwenye nafasi hiyo. Remote Desktop itaganda na kukatika, ilhali kompyuta ya ofisini inabaki hewani, na hii ndiyo sababu kila kifaa kina jozi yake. Amri hiyo hubadilisha hali ya sasa tu, kwa hiyo siku ya tukio la kweli futa pia sehemu ya kifaa hicho ndani ya /etc/wireguard/wg0.conf, la sivyo kitarudi seva ikiwashwa upya. Kwa zoezi hili, washa upya wg-quick@wg0 na mpakato utarudi kazini. Mhasibu wangu ameandika amri hiyo kwenye karatasi, pamoja na ufunguo wa umma wa mpakato wake, na karatasi iko mikononi mwa mwenzake wa ofisini anayeweza kuingia kwenye seva.